Picha ya Mama Kassimu

Kitaya, 12 Septemba 2005

Wifi Husna,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, mgongo wa kaka yako umepoa, na korosho zimeanza kudondoka. Hapo Magomeni mwaamkaje?

Tangu nitoke kwako sijatulia, bora niseme. Nilifurahi kumwona Kassimu akibandua picha ya kikombe ubaoni, anakupa, nawe unampa maji. Mwanangu ana miaka mitano na hajatamka neno. Lakini niliuangalia ubao wote. Kuna uji, choo, bembea, na sura yako umejipaka wanja. Mimi simo. Mimi niliyekuwa nikimwona anasugua sikio najua ana njaa, bila karatasi yoyote. Nimeona wivu, wifi, sifichi. Humu nimeweka picha yangu niliyopiga studio huko Chikongola. Ibandike.

Wifi yako,
Mama Kassimu


Magomeni, 3 Oktoba 2005

Wifi yangu,

Sisi hatujambo, kikohozi cha Kassimu kimeisha. Picha nimeipata, umependeza. Ila Mwalimu Maria wa darasa la awali, yule aliyetueleza habari za usonji, ana sharti lake: picha iliyo ubaoni, mtoto akiileta, apewe anachoomba papo hapo. Akinyimwa mara mbili tatu ataacha kuziamini picha zote. Sasa akiniletea yako, nawe uko Kitaya, nitakutoa wapi? Nimeitunza kabatini. Usinielewe vibaya.

Wifi yako,
Husna


Kitaya, 21 Oktoba 2005

Husna,

Hatujambo. Kwa hiyo uji una nafasi, bembea ina nafasi, mimi nafungiwa kabatini na mashuka. Nilikuachia mtoto asome, sikukupa. Mungu hakukujaalia wako, ndiyo maana unajibandika peke yako. Weka picha yangu ubaoni, la sivyo korosho zikiisha namfuata mwanangu, na hayo madarasa yaishe.

Mama Kassimu


Magomeni, 8 Desemba 2005

Wifi,

Natumaini mu wazima wote. Nilikaa kimya kwa sababu maneno yako yaliniuma, na yaliniuma kwa kuwa ni kweli. Mwalimu aliniambia tangu mwanzo kwamba ukija kututembelea picha yako ibandikwe, ukiondoka itolewe. Sikukwambia. Nilitaka hata siku zile ulizokuwepo aniombe mimi. Nisamehe.

Jumatatu niliibandika. Kassimu aliipita tu. Jumanne aliibandua akaniwekea mkononi. Nikamwambia mama yuko Kitaya. Akaichukua, akaniwekea tena. Mara kumi na moja, wifi, kisha akaenda kukaa mlangoni. Tangu hapo hajaomba kitu, hata uji nampa kwa kubahatisha.

Ameomba, lazima apewe. Barua hii nampa dereva wa gari la Kitaya, na Jumapili tunakuja. Shule imefungwa, Januari arudi au asirudi, utaamua wewe. Ubao nakuletea na picha zake zote. Yangu tu nimeibandua. Nikishamfikisha, mimi nitarudi huku Magomeni. Nikiiacha akakuletea, utanitoa wapi?

Wifi yako,
Husna