Kumbikumbi wa Kabambare

Kasongo, 12 Mfungo Mosi 1304

Mdogo wangu Aziza,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, na mama mzima. Goti lake limetulia tangu kiangazi kianze. Nawe je, na huyo uliyembeba? Mama anauliza kama unalala vizuri na kama bado unachukia harufu ya mawese.

Habari za mchezo wetu na watu wenu pale Lusangi umekwisha kuzisikia, maana watu wa huko kwenu hawajui kunyamaza. Sikia na upande wangu. Tangu adhuhuri hadi alasiri mpira ulikuwa miguuni mwetu, na hatukuupitisha langoni hata mara moja. Watu wenu walijipanga wote mbele ya lango, mumeo Yakubu nyuma yao kati ya ile miti miwili ya lango, wala hawakutoka. Sisi tukawaendea kati kwa pamoja. Kadiri tulivyoongezeka ndivyo nafasi ilivyopungua, hata tukawa tunakanyagana. Faradji, mwenye mbio kuliko sote, alikwama mgongoni mwangu.

Ungekuwa mchezo tu ningecheka. Lakini baba mkwe wako, Mzee Amuri, alisimama akasema: "Mama yake anataka binti arudi kuzalia Kasongo, si ndiyo? Basi Idi ya kuchinja mukuje Kabambare. Mukipitisha mupira hata mara moja, mumuchukue. Musipopitisha, mutoto wa kwanza wa mwanangu atazaliwa kwangu." Watu wakacheka, kwa kuwa sisi ni watani. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu halirudi kinywani. Mama hakucheka. Ameshakutandikia kitanda.

Kazi yao ni kufunga mlango tu. Kuufungua ni kazi yetu. Wewe unawaona wakijizoeza. Niambie udhaifu wao.

Kaka yako,
Assumani


Kabambare, 1 Mfungo Pili 1304

Kaka Assumani,

Salamu zako zimefika na wachuuzi wa chumvi, zimelowa jasho lakini zinasomeka. Nalala ubavu mmoja tu, na mawese sasa nayataka hata asubuhi. Mtoto anapiga mateke mchana kutwa. Yakubu anasema huyu ni wa Kabambare. Mimi namwambia, angekuwa wa Kabambare angekaa kimya mbele ya mlango.

Nataka kuzalia kwa mama. Naogopa, kaka, na hilo simwambii mwingine. Lakini Yakubu ananitendea wema, na siri za nyumba yake sizitoi. Nikizitoa, nitafika Kasongo bila heshima.

Nitakupa habari nyingine. Unakukumbuka kule kwenye kichuguu nyuma ya nyumba? Wewe ulikwenda na jembe kuwachimba kumbikumbi. Kadiri ulivyochimba ndivyo walivyozidi kuingia ndani, na ulichopata ni vidole vilivyong'atwa. Mama hakuchimba. Alikaa chini, akakipigapiga kichuguu kwa vijiti, polepole, kama matone. Wakadhani mvua imekuja. Wakatoka wenyewe.

Sina la kuongeza. Mkono wa mama naubusu.

Ndugu yako,
Aziza


Kasongo, 25 Mfungo Pili 1304

Mdogo wangu Aziza,

Salamu nyingi kwako na kwa wakwe zetu. Mama hajambo. Mimi sijambo nusu, na sababu utaisoma chini.

Barua yako ilinikasirisha. Nakuuliza mpira, unanijibu wadudu. Nikamsomea mama akiwa anapepeta mchele. Akasema, "Ulikuwa mutoto wa jembe, na mpaka leo uko mutu wa jembe." Ndipo nikaelewa.

Sasa tunajizoeza kurudi nyuma. Wawili wanasimama pembeni kabisa, karibu na watazamaji, kama watu waliosahauliwa. Faradji ni mmoja wao. Wengine wanapeana mpira polepole, wanarudi, wanarudi tena, kama waliochoka na kuogopa. Adui akitoka kuufuata, mpira unapigwa mbali hadi pembeni, nyuma ya mgongo wake. Wazee wanaopita wanatusimanga: "Munaenda kushinda, ao munakimbilia Nyangwe?"

Jana nikiwaonyesha namna ya kurudi nyuma nilitegua kifundo cha mguu. Ndiyo, kwa kurudi nyuma. Cheka. Sitaweza kuja. Vijana watakuja na wapiga ngoma, mimi nitabaki na mama. Na watu wenu wasipotoka, nitakuwa nimewafundisha wenzangu kukimbia tu.

Kaka yako,
Assumani


Kabambare, 11 Mfungo Tatu 1304

Kaka Assumani,

Idi njema kwako na kwa mama. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, na huyu wa ndani mzima.

Jana vijana wako walirudi nyuma mpaka nikaona aibu. Watu wetu walikaa mbele ya lango kama kuku wanaoatamia. Yakubu anawaambia, "Musitoke, musitoke." Ngoma zenu nazo zilikuwa zikilia taratibu, kama zinazosinzia. Watu wa Kabambare wenyewe wakaanza kuzomea watoto wao: "Tulikuja kuona muchezo ao kuona ukuta?"

Unajua nani alitoka wa kwanza? Baba mkwe. Aliinuka kwenye mkeka wake, kofia mkononi, akapaza sauti: "Wamechoka hawa! Fuateni mupira, munaogopa nini?" Nani atamkatalia Mzee Amuri? Wakatoka mbio wote. Mpira ukapaa juu ya vichwa vyao hadi kwa Faradji, na mbele yake hapakuwa na mtu ila mume wangu. Yakubu akamwendea. Mpira ukapita ubavuni mwake, taratibu, hata mimi na tumbo hili ningeudaka.

Mzee alivaa kofia yake. Kisha akasema, "Mulango nilifunga mimi, na nimeufungua mimi." Akacheka mpaka akakohoa. Anachoomba ni kimoja: tukitoka arobaini, tumletee mjukuu wake.

Niliporudi nyumbani kufungasha, nilikuta mkeka wangu umeshakunjwa na kufungwa, na nguo za mtoto ndani yake. Mama mkwe anasema Yakubu aliufunga asubuhi, kabla ya kwenda uwanjani. Nikamuuliza. Akanijibu, "Nilisikia mvua." Kumbe ile habari ya kichuguu niliyowahi kumsimulia hakuisahau.

Barua hii anaibeba Faradji, kwa sababu ya mbio zake. Mimi nafuata nyuma polepole pamoja na Yakubu, ambaye hataki nibebe hata kibuyu cha maji. Mwambie mama aweke mawese jikoni.

Na ukisikia ngoma upande wa barabara ya Kabambare, kaka, usiseme ni mvua. Toka nje.

Ndugu yako,
Aziza