Kioo Si Kivuli

Mama,

Leo nakuandikia kwa Kiswahili. Najua mimi na wewe hatukuwa na desturi ya kuzungumza lugha hii jikoni, na ungenicheka, ungesema nimekuwa karani. Lakini Kigusii ndicho walichotumia kukuita omorogi, mchawi, ukiwa umesimama kwenye lango lako mwenyewe na ndoo ya maziwa mkononi. Tangu niliposimuliwa hayo, kila nikianza sentensi kwa lugha yetu naisikia sauti ya Baba Mdogo Ogeto. Basi wacha nitumie lugha ya shule. Ni baridi kidogo, na leo nahitaji baridi.

Nyanya yuko hai. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza kama mimi nimekula. Sikio lake la kushoto limebaki kipande, limejikunja kama jani la chai lililokauka, lakini anakula vizuri na bado ananung'unika nikichelewa kuwasha moto. Amelala hapa karibu na mguu wangu, kwenye lile tofali ulilomzoesha, la kupashwa motoni na kufungwa gunia. Sweta yake ya kijani ilichakaa. Nimefumua yangu ya shule nikamfumia nyingine.

Nimekuwa nikiikumbuka siku aliyozaliwa. Ulikuwa bado unafanya kazi kwa memsahib, hapa hapa Nyansiongo, kabla mashamba ya wazungu hayajakatwa vipande. Paka wa nyumba alizalia chini ya kabati, na watoto wote walikuja na manyoya yao isipokuwa mmoja, mwekundu, mwenye mikunjo usoni kama ajuza. Mpishi alitaka kumtupa. Wewe ukamtia kwenye mfuko wa aproni. "Huyu ni nyanya," ukasema, na mpaka leo sijui ulimaanisha bibi au nyanya ya mchuzi. Memsahib alipofunga masanduku kurudi kwao alikuachia, maana kwao ni baridi kuliko hapa, na Nyanya hakukubali kupakatwa na mtu mwingine.

Kisha shamba likagawanywa, na kipande alichopewa Baba kikawa na ile nyumba ndogo ya wageni ndani yake, yenye baraza ya vioo pande tatu na paa la bati. Baba hakuifaidi. Kifua kilimchukua nikiwa bado shuleni. Tukabaki wewe, mimi, ng'ombe, na paka asiye na manyoya.

Watu wa nyanda za chini hawaijui baridi ya Nyansiongo. Nyanya aliijua. Kila siku alilifuata jua barazani, akajinyoosha mbele ya kioo, na sisi tukadhani yuko salama kwa kuwa yuko ndani ya nyumba. Mpaka mgongo ukamwiva. Ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kumenyeka, na ncha za masikio zikatoka vidonda. Ulimpakata, ukaweka kiganja chako kwenye kioo, kisha kwenye mgongo wake, kisha kwenye kioo tena.

"Kioo si kivuli, Moraa," ukasema. "Upepo kimeukataa, lakini jua kimeliruhusu lote."

Likizo ile nzima tulishona mapazia. Uliponda yale mawe meupe kutoka Tabaka, ya kuchongea vinyago, ukachanganya unga wake na maji na uji mwepesi, ukapaka vioo mpaka mwanga wa barazani ukawa kama wa maziwa. Jua changa la asubuhi alipewa, mpaka umande ukauke kwenye majani ya migomba. Baada ya hapo pazia lilishuka na tofali la moto likaletwa. "Anachotafuta ni joto, si jua. Mpe joto, jua atalisahau." Hakulisahau, Mama, unajua hakulisahau. Alikuwa akikwangua pazia na wewe unamkemea kama mtu. Lakini alipona.

Hayo ndiyo Ogeto aliyoyaita uchawi. Nyumba iliyofunikwa mapazia mchana kweupe. Mnyama anayevikwa sweta. Mjane anayesema na paka. Yeye, ndugu wa tumbo moja na Baba, mzee wa kanisa, mtu wa kuombea chakula mpaka chakula kipoe! Nyumba hii aliitaka tangu tulipomzika Baba. "Nyumba isiyo na mwana wa kiume ni njia tu, watu wanapita," alikuambia, mimi nikiwa nimekaa pale pale, na wewe ukamwongezea chai.

Ile Sabato uliyonitembelea Mosocho, nilipokuwa nashona kwenye baraza ya duka, nimeifikiria mno. Uliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ulikaa kwenye kigoda changu ukawasifia wateja mishono yangu hadi nikaona aibu. Tulikuwa tunacheka, Mama. Wakati sisi tunacheka, yeye alitoka ibadani moja kwa moja hadi nyumbani kwako, na watu nyuma yake.

Aliyenisimulia ni jirani yetu Mama Bosibori, ambaye alikuwepo. Ogeto aling'oa mapazia. Akakwangua vioo kwa panga. Akamtupa Nyanya barazani, akatia komeo. Kisha akawageukia watu. "Kama ni kiumbe cha Mungu," akasema, "jua la Mungu litamdhuru nini?" Nao wakasimama kutazama. Nyanya alikimbia huku na huku, akakwangua mlango, akajilaza kwenye mstari wa kivuli chini ya dirisha, na jua likazidi kushuka na mstari ukazidi kuwa mwembamba, mpaka jua likafika ukuta wa ndani na kivuli hakikuwepo tena. Mama Bosibori alisema, "Jamani, yatosha." Akaambiwa akizidi, yeye ndiye atakayetajwa baada yako.

Ulirudi ukamkuta. Ulimfunga kitambaa chenye maji, ukamnywesha kwa kidole. Nasikia hukulia. Lakini kesho yake vidonda vyake vikawa ushahidi: mmeona, ameungua, anaogopa nuru. Na wewe ukawa mtu wa kukwepwa. Hakuna aliyekunywa maziwa yako. Kanisani benchi lako lilibaki na wewe peke yako. Hukuniandikia hata neno moja la haya yote. Kwa nini, Mama? Ningekuja. Ningekuja kwa miguu.

Halafu masika, na kifua. Mama Bosibori alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wanaume wa kubeba machela mpaka barabara kubwa, upate gari la kwenda hospitali. Wanaume wa kilima kizima, wanaobeba magunia ya mahindi kwa kushindana, wakasema migongo inawauma. Basi akakubeba yeye na binti zake, wakiteleza kwenye matope, wakikuweka chini, wakikuinua. Ulikufa kando ya njia, umefunikwa jani la mgomba, barabara ikiwa inaonekana. Mimi habari zilinikuta nikiwa na nguo ya harusi ya mtu kwenye mashine.

Na nani aliomba kaburini? Yeye. Aliomba Mungu akuondolee giza. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, na hapo hapo, udongo ukiwa bado mkononi mwangu, nikaamua.

Niliacha kazi nikarudi nyumbani. Nilikama ng'ombe, nikamtunza Nyanya, nikashona mapazia mapya, na kila nilipokutana na Ogeto nilimwamkia kwa heshima zote. Akasema kanisani kwamba mtoto amelainika. Nilingoja kiangazi. Kilipokaza, siku zile ambazo hata kunguru wanatembea badala ya kuruka, nilimpeleka Nyanya kwa Mama Bosibori, nikayaondoa mapazia yote, nikasugua vioo kwa majivu na gazeti mpaka kuku mmoja akajigonga akidhani ni hewa. Kisha nikatuma neno: Baba Mdogo aje aitazame nyumba, mimi nimechoka.

Alikuja baada ya chakula cha mchana, na koti lake la Sabato na kofia. Kofia niliipokea kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kumpokea mgeni. Akapita vyumba akigonga kuta kwa vidole. Akaingia barazani. "Hapa nitaweka viti vya wageni," akasema. Nikavuta mlango, nikatia komeo.

Nilichukua debe tupu nikalipiga langoni kwa mwiko. Walikuja mbio wakidhani kuna moto. Wale wale, Mama. Wakasimama pale pale waliposimama siku ile.

Mwanzoni alicheka. Halafu akaniita mwanangu. Halafu akaniita lile jina alilokuita wewe. Koti likavuliwa, tai ikavuliwa, kipara chake kikaanza kung'aa, kisha kikaanza kuiva. "Moraa, fungua! Nitakufa humu!"

Nikamjibu: "Kama wewe ni mtu wa Mungu, jua la Mungu litakudhuru nini?"

Unajua kilichonishangaza? Angeweza kuvunja kioo. Kulikuwa na kigoda ndani. Alikitazama kigoda, akavitazama vioo, na hakuvunja. Hata katika jasho lile alikuwa amekwisha kuvifanya vyake.

Mwanamume mmoja akaniambia, "Mfungulie, huyo ni baba yako." Alikuwa mmoja wa wale wenye migongo. Nikamwambia, "Njoo ufungue wewe." Hakuja.

Nilisogea karibu na kioo. "Mama yangu alikuwa mchawi?" Akajifuta jasho kwa tai. Nikauliza tena. Aliegemeza shavu kwenye kioo, kikamwunguza, akalitoa. "Alikuwa mwanamke tu," akasema. "Sema wasikie." Akapiga kelele mpaka mate yakarukia kioo: "Alikuwa mwanamke tu! Na yule ni paka tu! Nilitaka nyumba!"

Walisikia wote. Mama Bosibori akaangua kilio. Wengine wakaanza kuangalia miguu yao kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

Nikafungua. Alitoka akiyumba, akaanguka kwenye nyasi. Hakuna aliyempa maji ila mimi. Usiite huruma. Nilitaka aishi, maana maiti haioni haya.

Chifu aliniita. Akauliza, "Ulitaka kumuua mzee?" Nikasema, "Nilitaka aone jua." Alinifokea mbele ya watu muda mrefu, na haki alikuwa nayo, lakini alipomaliza akamgeukia Ogeto na kumwambia asikanyage tena kwenye boma hili, boma liwe na mwana wa kiume au lisiwe naye. Kanisa nalo limemvua uzee. Siku hizi nikipita anavuka upande wa pili wa njia, na ngozi ya kichwa chake imebaki na madoadoa.

Majirani wananiletea ndizi. Ng'ombe ndio wanaozila. Wananiamkia, nami nawatazama mpaka wanamaliza. Mchungaji amekuja kuniambia habari ya kusamehe, na alinena kwa upole, si mtu mbaya. Nilimwambia sijafika huko na sijui kama njia inafika.

Nilidhani nikimsikia akiyasema yale maneno kitu kingefunguka kifuani. Hakikufunguka. Nilirudi ndani nikakuta kikombe chako kwenye msumari wake, na... Basi. Hupo. Ningemfungia barazani kila kiangazi, bado usingekuwepo.

Lakini sijajuta, Mama. Nisikudanganye.

Nasikia ameanza kuumwa. Siku atakapozikwa nitafika mapema. Nitavaa vizuri, nitakaa mbele na wanawake wa ukoo, nitawaacha wamsifu wanavyotaka. Na atakaposimama kiongozi kuuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu, nitasimama. Nitalitaja jina lako lote, Kwamboka, na mahali ulipofia, na jina la kila aliyekataa kukubeba, mmoja baada ya mwingine, nao wamekaa hapo na wake zao na watoto wao. Sitakosa hata mmoja. Nimekwisha kuanza kuyafanyia mazoezi, na nimegundua yanatoka vizuri zaidi kwa Kigusii.

Wewe pumzika. Hilo niachie mimi.

Ni mimi mwanao,
Moraa