Wimbo wa Ndani Ulioimbwa Ulaya

Mpendwa Mama Shakila, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usilitaje jina langu, maana jambo hili nimelibeba miaka tisa sasa na hata mume wangu halijui. Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya kiwanda hapa Morogoro, enzi zile king'ora kikilia saa tisa tunavua aproni tunakwenda mazoezini, na mwaka 1984 nchi ilipotakiwa kupeleka wimbo kwenye mashindano ya mataifa huko Ulaya, kiongozi wetu, marehemu Ignas, alikwama, kila anachotunga kinafanana na cha Wakongo, ndipo mimi kwa kiherehere changu nikamwimbia wimbo niliofundishwa nilipokuwa mwali kwa bibi yangu Matombo, wimbo wa ndani, wa wanawake watupu, mwanamume hausikii, nikamwambia nimeuota. Akatia maneno ya kusifu kilimo, ukachaguliwa, tukapanda ndege tumevaa sare za vitenge, tukawa wa kumi na moja kati ya nchi kumi na nne lakini tuliporudi watu walijaa stesheni tangu asubuhi, na kila Jumapili redio ikawa inaupiga, yaani Mama, mpaka leo nikikumbuka zile tarumbeta zinavyoingia machozi yananitoka.

Lakini kule Matombo wanaume waliuimba kilabuni wakicheka, na tangu siku hiyo bibi hakuuimba tena, wali wote waliofuata wametolewa unyagoni bila wimbo huo, akasema, "Yule Ignas alijibanza nyuma ya nyumba akatuibia," nami nikanyamaza, na Ignas alipofariki hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyekwenda mazikoni. Sasa kiwanda kimeuzwa, bendi imekufa, kila kitu ruksa, na Bhavesh mwenye duka la kanda pale mjini ananiambia, "Dada, watu wanaukumbuka ule wimbo, tuurekodi upya kwa kinanda, tena tutaweka picha yako," na huku binti yangu Pendo anatolewa Agosti, na bibi ndiye pekee anayezijua beti zote, mimi ninazo mbili tu, naye amezeeka sana. Nitie sahihi kwa Bhavesh? Nimwambie bibi ukweli, au nimwache na amani yake?

Mwimbaji, Kihonda

Marahaba, mwanangu. Jina nimelificha, ingawa sijui nani Morogoro asiyejua wimbo ule aliuimba nani. Mimi mwenyewe niliingia nao ukumbini siku ya harusi yangu ya pili, na nilipofika kwenye hizo tarumbeta zako niliiweka barua chini kwanza. Sukari tulipanga foleni, lakini nyimbo tulikuwa nazo. Haya, tufute machozi.

Usijidanganye kwamba unalinda amani ya bibi. Unajilinda wewe. Ulikuwa kijana, ulitaka nchi yako isiaibike, hilo nakuelewa, na huenda bibi naye akakuelewa. Lakini kumwacha Ignas aitwe mwizi mpaka kaburini, mtu uliyemdanganya kwamba umeota! Hilo ni aibu, na nakwambia kama mama yako.

Kwa Bhavesh usitie sahihi. Mwambie asubiri, na bibi akikataa, mwambie hapana. Ni mfanyabiashara, kuambiwa hapana ameshazoea.

Panda Matombo kesho Jumamosi, maana gazeti hili hufika huko Jumatatu na wapo watakaomsomea. Nenda peke yako. Usianze na habari za ndege wala za kiwanda. Mwamkie, kaa chini, useme, "Bibi, Ignas hakuiba. Nilimpa mimi." Akikufukuza, lala kwa jirani, asubuhi urudi. Kisha uwaambie wanawake wa ukoo, na ukiteremka upitie kwa mjane wa Ignas umwambie hayo hayo, hata kama atakufungia mlango.

Na bibi akikubali kumwimbia Pendo, usiende na redio kaseti. Keti mkekani pamoja na binti yako, mfundishwe wote wawili.