Shikamoo ya Bi Somoe

Jumanne, Newala

Watoto, watoto, watoto! Nimechoka kulisikia neno hilo. Bi Somoe amemzidi mama yangu umri, ana mvi kichwa kizima, lakini kwa Dada Rehema, msimamizi wetu, kila mwenye ulemavu wa akili anayeishi katika nyumba ya matunzo ninakofanya kazi ni mtoto.

Asubuhi Dada Rehema alimsukuma Bi Somoe mbele yangu. "Somoe, mwamkie dada!"

"Shikamoo, dada," akaniambia. Mimi! Niliyemaliza kidato cha nne juzi tu!

Masikio yaliniwaka moto.

"Ah, binti ana haya huyu," Dada Rehema akacheka. "Mwitikie tu marahaba. Hawa hawajui mkubwa nani, mdogo nani."

Kisha akaanza kumlisha uji kwa kijiko. Bi Somoe huyohuyo, ambaye jana nilimwona akimenya muhogo kwa kisu kikali! Nilitaka kusema. Maneno yote yananijia sasa, nikiwa kitandani, ambako hayamsaidii mtu.

Jioni nikiondoka, nilimkuta Bi Somoe ananisubiri mlangoni. Alichungulia jikoni kwanza, akaona Dada Rehema ametupa mgongo.

"Wewe," akaninong'oneza, "leo hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahabaa, mwanangu." Aliivuta kweli, kisha akaingia ndani taratibu.

Kumbe anajua. Siku zote alikuwa anajua.

Kesho Dada Rehema atasimama palepale, na ninamwogopa. Lakini nikichelewa, Bi Somoe ataniamkia tena. Lazima niwahi mimi, na kwa sauti.