Sahani ya Pili ya Papa

Mujukuu wangu Riziki,

Amani ikukute huko Lubumbashi. Sisi wa Kalemie tuko salama. Mama yako amerudi toka Nyunzu, na ziwa limechafuka tangu Jumapili. Umeniuliza, wewe unayesomea udaktari, kama ni kweli papa yangu aliishi na kitu kooni.

Ni kweli. Nilikuwa binti mudogo. Papa akikohoa mezani, nyama nyekundu, ndefu kama ulimi, ilitoka mpaka kwenye midomo. Ilikaa hapo ikimetameta, kisha akaimeza tena. Wazee wa ukoo wakasema: "Huyo njo mugeni. Mumulishe, ataondoka." Basi Mama akawa anaweka sahani mbili za bugali na visamaki vya ndakala, ya Papa na ya mugeni. Sisi watoto tulinyamaza, mugeni asikasirike. Ya mugeni ilimwagwa ziwani. Papa alimeza kwa shida, akazidi kukonda.

Mwishowe akapelekwa hospitali. Munganga wa huko akamunywesha dawa nyeupe, akapiga picha ya ndani ya kifua. Kitu kilining'inia toka kooni mpaka karibu na tumbo. "Ni nyama imeota tu," akasema. "Si kansa, lakini siku moja itamuziba pumzi." Akapasua shingo, akaikata kwenye shina.

Papa aliporudi, Mama, kwa woga, aliweka tena sahani mbili. Papa akamaliza yake bila kukohoa. Halafu akaivuta polepole ile ya mugeni, akala mpaka ndakala ya mwisho.

Mama akalia. Njaa yote ile ilikuwa ya Papa.

Ule vizuri huko.

Nkambo wako, Feza