Maji ya Kikombe cha Wodini

Saint Paul, Minnesota
Februari, 1996

Mke wangu Mama Neema,

Nakusalimu katika Bwana. Mgongo wako umepata nafuu? Na mama yako, macho yake yakoje? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka. Theluji haijaondoka tangu nilipofika, na Neema hurudi kutoka kazini, hospitali ya huko Maplewood, akiwa amechoka kuliko mimi.

Jumamosi alinipeleka mtaa wa Frogtown kwa Mzee Gebre, baba mdogo wa Dawiti, yule kijana Mhabeshi anayetaka kumwoa. Gebre ndiye aliyemlea, na neno lake ndilo la mwisho. Mkewe alikuwa akikaanga kahawa pale pale sebuleni, Dawiti akatufasiria.

Mzee hakuzungusha maneno. "Binti yako ni mtu mwema. Lakini ili wafunge ndoa kwetu, lazima abatizwe."

"Amekwisha kubatizwa," nikamjibu.

"Kwenu."

"Mzee mwenzangu, Imani ya Nikea hamuikiri?"

"Tuliikiri kabla babu zenu hawajalisikia jina la Yesu!" Wote wakacheka, hata mimi.

Miaka yote niliyofundisha historia ya Kanisa chuoni, sikudhani ningekuja kuifundisha nikimwozesha binti yangu. Kuhusu Nikea tulikubaliana. Tulipofika Kalkedonia, mahali maaskofu walipogombana juu ya asili za Kristo na kanisa la kina Gebre likashika njia yake, sauti zilipanda. Nilipotaja jinsi Roma na Konstantinopoli zilivyotengana baadaye, alipunga mkono: "Huo ni ugomvi wenu. Sisi msitutie."

Neema akaweka kahawa chini. Alisema kwa Kiingereza, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Baba, hao wote wamekufa. Anayeolewa ni mimi. Nitaingia majini, yaishe."

Nikakataa. Imani ile ile inataja ubatizo mmoja. Akiingia tena, tutakuwa tumesema kwamba ule wa kwanza haukuwa kitu.

"Nani alimbatiza?" Gebre akauliza.

Nilimwambia kweli: ni wewe, mama yake, wodini, kwa kikombe cha maji, mtoto akihema kwa shida na mchungaji akiwa mbali. Nikamweleza habari za Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waliodai zamani kwamba ubatizo hubatilika kwa ubaya wa mkono unaobatiza, na Kanisa likawakatalia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Alilitamka jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu?"

Mke wangu, nilimwambia sijui. Sikuwapo. Mchungaji aliyekuhoji baadaye ni marehemu, na mimi sikukuuliza kamwe, kwa kuwa hukupenda kuitaja siku ile.

Gebre ameahidi kwamba ikiwa ulilitamka, atakwenda mwenyewe kwa kasisi wao kumwombea Neema apokewe bila maji. Anataka neno lako, si langu.

Basi niandikie ulichosema. Usiandike ili kunifurahisha. Ikiwa hofu ilikuziba kinywa ukamwaga maji bila neno, andika hivyo hivyo. Nitamwacha Neema aingie majini, nitasimama kando yake, wala hutasikia lawama kutoka kwangu.

Umsalimu mama mkwe wangu, na shemeji Eliamani anayekusaidia kutunza ng'ombe. Dada yangu Ruthi mpe salamu zangu, lakini barua hii usimsomee, asije akakulaumu.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema