Mlio wa Pampu ya Gari la Baba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, analalamika, kwa hiyo ni mzima. Wifi yako anakusalimu sana. Nami ni mzima, kwa maana ya kwamba natembea.

Najua umenuna. Mama amenieleza yote, kwa ile sauti yake ya sokoni: kwamba nilikujibu vibaya kwenye simu, kisha nikaacha kupokea kabisa, na kwamba tangu nirithi gari la baba limenipanda kichwani. Ungekuwa karibu ungenizaba kofi, nakujua. Tulia basi nikupe habari za hilo gari, maana mambo yote yamo humo.

Lilianza kunisumbua baada ya mazishi. Asubuhi linawaka vizuri, likishapata moto linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazima katikati ya mlima. Ukijaribu kuliwasha linagoma mpaka lipoe. Nikasema hili ni suala la petroli tu, haifiki kwenye injini inavyotakiwa. Nikajiona nimeshamaliza kazi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akipima? Wewe unakaa mbele na ufunguo, kwa sababu ulikuwa mkubwa na mkorofi. Mimi nalaza sikio kwenye kiti cha nyuma, juu ya tangi. Unafungua swichi bila kuwasha injini, pampu ya petroli mle tangini inavuma kidogo kisha inanyamaza, nami napiga kelele kwamba ipo. Baba alikuwa akicheka, anasema mtoto huyu ana sikio la fundi. Nimekula kwa sikio hilo maisha yangu yote.

Basi nikamwomba mpiga rangi, jirani yangu pale gereji, akae mbele afungue swichi, nami nikalaza sikio kwenye kiti kilekile. Kimya. Nikamwambia afungue tena. Kimya. Akanitazama kwa namna ya ajabu, nikadhani amechoka kutumwa.

Nikatoa pampu, nikafunga mpya. Kimya. Fyuzi nzima, rilei, ile swichi ndogo ya umeme wa pampu, nikabadilisha, taa ndogo ya kupimia umeme inawaka vizuri. Nikaitukana ile pampu mpya, nikamtukana na muuza spea, nikairudisha dukani nikapewa nyingine. Kimya vilevile. Muuza spea siku hizi akiniona anajifanya anahesabu misumari.

Mwisho nikaingia chini ya gari, nikachomoa mpira wa petroli, nikauelekeza kwenye chupa, nikamwambia mpiga rangi afungue. Petroli ikaruka kwa nguvu, ikapita chupa, ikanilowesha shingo na kifua. Mimi nimelala palepale, nimelowa chapachapa, bado nasubiri kuisikia pampu.

Mpiga rangi alinivuta miguu akanitoa. Akaniinamia usoni akasema, "Fundi, pampu inavuma tangu ile ya kwanza. Nilidhani unanitania."

Dada, sisikii. Daktari wa masikio amenipima. Anasema mishipa imekufa kwa miaka ya nyundo na mashine ya kusaga chuma ndani ya banda la mabati, haina dawa wala upasuaji, na hata hiki kidogo kilichobaki kinaondoka. Nilimuuliza kuhusu vile vifaa vya kuvaa sikioni. Akasema vinakuza sauti, na kwangu karibu hakuna cha kukuza.

Ubovu wenyewe niliupata baadaye, kwa vidole na pua. Ni kidhibiti cha presha, kile kikopo cha chuma karibu na nozeli zinazopulizia petroli. Utando wake wa ndani umechanika, petroli inapenya inaingia kwenye injini kwa njia isiyo yake. Fundi yeyote aliyeuona moshi ule angeanzia hapo, ila mimi niliamini sikio. Nimekibadilisha, na sasa gari linaunguruma vizuri. Nimeambiwa.

Sitaki kukudanganya kwamba nitazoea. Fundi asiyesikia injini ikigonga atamrudishia mtu gari limuue. Nimeacha kupokea magari. Nakwenda gereji kukaa tu, kwa sababu nyumbani hawajui. Wifi yako anaponisemesha nisimjibu, anadhani nimeota kiburi, na nimemwacha adhani hivyo, kwa kuwa kiburi kinapona. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa ile simu. Siku ile sauti yako ilinijia kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Niliona aibu kukwambia urudie mara ya tatu, nikajibu ndiyo, ndiyo, nikakata. Ni juzi tu mama ameniambia kwamba ulikuwa unaniuliza kama nimekuchoka.

Tangu siku ile ukipiga naiona simu inawaka na jina lako, nami naitazama mpaka inazima. Naogopa nitajibu ndiyo nyingine. Jibu langu ni hapana, dada. Hapana kabisa.

Usinipigie tena, niandikie. Ukija, utakaa mbele na ufunguo, nami nitaweka mkono kwenye kiti cha nyuma, labda nitaihisi pampu ikivuma.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na utunze kifua chako.

Ni mimi mdogo wako,
wa kiti cha nyuma.